Jina lililotokea kwenye simu ni langu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wanne, naishi Makorora hapa Tanga. Kazi yangu ni kukaanga samaki. Asubuhi nashuka Deep Sea kununua, jioni nauza barazani kwangu, mtaa mzima unanijua. Pia ni kijumbe. Tuko wanawake kumi, kila wiki kila mmoja anatoa 30,000, na Jumapili mwenye zamu anapokea 300,000 yake mkononi. Miaka yote niliyousimamia mchezo huu hajawahi kutokea mtu akakosa hela yake. Ndiyo maana nakuandikia nikiwa sina usingizi.

Mwanangu wa pili ana miaka 17. Amemaliza kidato cha nne mwezi wa kumi na moja, tunasubiri matokeo. Si mtoto mhuni, Shangazi. Anaswali, ananisaidia kuparua samaki. Mimi macho yamepungua nguvu, kwa hiyo yeye ndiye anayenisomea meseji na kunitumia hela kwa watu. Namba yangu ya siri anaijua tangu yuko kidato cha pili. Hata laini anayoitumia nilimsajilia kwa kitambulisho changu cha NIDA, maana yeye hakuwa nacho.

Baada ya mtihani akaingizwa kwenye kundi moja la Telegram. Kazi yenyewe, alivyonieleza sasa, ni kutazama video na kuzilaiki, halafu analipwa. Siku ya kwanza alipewa 3,000 bila kutoa chochote. Akaambiwa aweke 20,000 apande daraja. Akaweka, baada ya siku chache akatoa 26,000, na hela ikaingia kweli. Alininunulia pea ya kanga. Nikamwombea dua.

Kumbe hakuishia hapo. Aliweka tena 60,000 alizokusanya kwa vibarua. Kisha akachukua 250,000 kwenye simu yangu, hela ya mchezo, akidhani ataitoa na kuirudisha kabla ya Jumapili. Sasa kwenye programu yao salio linasoma 1,870,000. Nimeliona kwa macho yangu haya. Ila kila akitaka kutoa wanamwambia akaunti imegandishwa, alipe kwanza kodi ya kutolea, 187,000. Wamemtumia na cheti cha usajili wa kampuni chenye muhuri.

Baya zaidi ni hili. Aliwaingiza wenzake watatu, watoto wa majirani. Msimamizi wa kundi akamwambia wenzake watume hela kwenye laini yake, yeye azisogeze mbele kwenye namba nyingine, abaki na asilimia kumi. Wale watoto walipotuma, jina lililotokea kwenye simu ni langu. Juzi baba wa mmoja wao alikuja barazani wateja wakiwa wamejaa, akaniwekea simu usoni: "Jina hili si lako?" Anasema hela ya mwanawe isiporudi kufikia Ijumaa, atasoma Albadiri. Shangazi, mimi sijala hata senti moja ya mtu.

Wanawake wa mchezo nimewaambia mtandao unasumbua. Baba wa watoto ni dereva wa lori, yuko safarini, hajui lolote. Kaka yangu wa Muheza anasema nimpeleke mtoto kwake akachume machungwa, na simu niitupe kwenye ndoo ya maji.

Nauliza: nikope hiyo 187,000 tulipe, tuitoe ile 1,870,000, niwalipe wote aibu iishe? Kuna mtu mwingine amemwandikia mwanangu kwamba yeye ni mtaalamu wa kurudisha hela zilizokwama, anataka 50,000 tu. Mtoto hali, usiku analia, ananiambia, "Mama, imebaki hatua moja." Nifanyeje?

Mama wa Makorora, Tanga

*

Marahaba, mwanangu, na pole sana.

Usiikope hiyo 187,000. Wala usitoe ile 50,000 ya mtaalamu. Na kabla hujaendelea kusoma, badilisha namba yako ya siri, wewe mwenyewe, kwa vidole vyako. Kama macho yanakataa, nenda kwenye duka la mtandao wako na kitambulisho, wakuongoze hatua kwa hatua, lakini tarakimu uziingize wewe na usimtajie mtu. Sisemi hivi kwa sababu kijana wako ni mwizi. Ni kwa sababu watu waliomshika bado wako naye usiku huu, na anayeamini kwamba imebaki hatua moja atatafuta hela ya hatua hiyo popote ilipo.

Ile 1,870,000 haipo. Umeiona kwa macho, nakuamini, ila ulichokiona ni maandishi. Programu ni yao, na tarakimu wanaziandika wao. Wangetaka isome milioni hamsini ingesoma. Wewe ni kijumbe, hesabu hii unaijua kuniliko. Wanawake kumi wakitoa 30,000, mwenye zamu anapokea 300,000, hapungukiwi wala hazidishiwi. Akatokea mmoja Jumapili akadai apewe 390,000, swali lako la kwanza litakuwa: hiyo 90,000 ya juu itoke mfukoni mwa nani? Kijana wako aliweka 20,000 akapokea 26,000, ni ongezeko lile lile. Ile 6,000 haikuzaliwa na video. Ilitoka kwa mtoto wa mtu mwingine aliyeingia nyuma yake, labda yuko Tabora, labda Lindi, na mama yake naye leo hajui aanzie wapi.

Malipo yale ya kwanza waliyaachia kwa makusudi. Mtoto aliyelipwa kweli anakuwa shahidi wao. Wenzake wakimuuliza atawaambia nimelipwa, na hasemi uongo. Kanga unazo ndani. Ndivyo alivyowaleta wale watatu. Hakuwatapeli, aliwaambia alichokiona. Hili nitalirudia ukifika kwa majirani, kwa hiyo lishike.

Hiyo wanayoiita kodi nayo itazame vizuri. Mtu ambaye kweli ameshika 1,870,000 yako anaweza kukata 187,000 humo humo akakukabidhi 1,683,000, mkaagana. Anayekataa kukata, akataka utoe nyingine mfukoni, hana cha kukata. Na kodi ya serikali hailipwi kwenye namba ya simu ya mtu binafsi. Ukilipa hiyo leo, kesho watakuja na ada ya uthibitisho, keshokutwa faini ya kuchelewa, na kila mara itakuwa imebaki moja tu. Mweleze kijana wako hesabu ya ile 1,683,000 polepole, mkiwa wawili, mlango umefungwa. Ndiyo itakayomwamsha kuliko fimbo.

Kuhusu cheti chenye muhuri: hata kingekuwa cha kweli, kusajili kampuni BRELA ni jambo moja na kuruhusiwa kupokea amana za watu ni jambo jingine. Ruhusa hiyo inatoka Benki Kuu ya Tanzania, na anayekusanya fedha za wawekezaji anapaswa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Kampuni ya kuuza vitumbua inaweza kusajiliwa BRELA. Na upatu wa aina hii, wa kumlipa wa jana kwa fedha ya wa leo, umekatazwa katika Kanuni ya Adhabu ya nchi hii.

Mtaalamu wa kurudisha fedha ni mtego wa pili. Mara nyingi ni watu wale wale, au wamenunua orodha ya waliokwisha kulizwa. Ujiulize amejuaje kwamba mwanao amekwama, wakati wewe hata mumeo hujamwambia. Na wengine watapiga wakijitambulisha kuwa ni askari au ni watu wa mtandao wako wa simu, wakitaka "ada ya kufungulia jalada". Jalada halifunguliwi kwa ada ya simu.

Sasa twende kwenye lile linalonitia hofu kuliko hela, yaani jina lako.

Kuna fedha za watoto watatu zilizoingia kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako zikatoka kwenda kwa tapeli. Matapeli hawaweki majina yao mbele. Wanatafuta kijana mwenye laini, wanamwahidi asilimia, yeye anakuwa daraja. Polisi wakifuata fedha, wa kwanza kukutana naye ni daraja. Kwa hiyo usisubiri Ijumaa. Nenda Kituo cha Polisi Chumbageni kesho, ukiwa mlalamikaji, kabla mwingine hajaenda kukufanya mshitakiwa. Nenda na kijana, yeye ndiye anayejua mwanzo na mwisho, na kwa kuwa hajatimiza miaka 18 ahojiwe wewe mzazi ukiwepo. Utapeli wa mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, usikubali kuambiwa kwamba ni mambo ya watoto na simu. Usitoke bila namba ya RB, yaani namba ya taarifa yako kwenye kitabu cha kituo.

Leo usiku mfanye maandalizi. Asitoke kwenye lile kundi na asifute kitu, bali apige picha za skrini: tangazo lililomvuta, jina na namba ya msimamizi, maelekezo ya kupokea hela za wenzake, ile meseji ya kodi, salio la uongo, na meseji ya mtaalamu. Mfanye leo kwa sababu Telegram inamruhusu mtu kufuta alichokuandikia kwake na kwako pia, na hawa wakihisi mmeamka watafuta. Picha hizo mzihifadhi kwenye simu nyingine pia. Kisha mpige 100, huduma kwa wateja ya mtandao wenu, mtoe namba zote zilizopelekewa fedha na tarehe za miamala, muombe zizuiwe. Sitakudanganya: hela ya namna hii kawaida hutolewa kwa wakala dakika chache baada ya kuingia, na yenu ina siku nyingi. Lakini namba hiyo ikifungwa, kuna mtoto mwingine atakayenusurika. Namba ya matapeli pia huripotiwa Mamlaka ya Mawasiliano kupitia 15040.

Asubuhi, kabla ya kituoni, pitia kwenye duka la mtandao uombe taarifa ya miamala ya laini ile ya kijana, iliyochapishwa. Karatasi hiyo itaonyesha 40,000 imeingia saa fulani na kutoka saa hiyo hiyo kwenda namba fulani, au kiasi chochote kilichokuwa. Hiyo ni silaha yako polisi na mtaani. Ukiwa hapo, piga *106# uangalie ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, iondolewe hapo hapo. Na muulize kijana bila ukali kama aliwahi kuwatumia picha ya NIDA yako, maana makundi ya namna hii huwa yanaiomba kwa kisingizio cha kuthibitisha akaunti.

Sasa, jirani.

Umeniandikia kwamba hujala senti ya mtu. Wewe, ni kweli. Lakini kijana wako alibaki na asilimia kumi ya kila kilichopita. Hata kama alikiingiza tena kwenye programu yao na kikapotea, kiasi hicho ni cha wale watoto watatu, na mnadaiwa. Kipigieni hesabu kwenye ile karatasi, kitafuteni, mkirudishe bila kusubiri kudaiwa. Pengine ni elfu chache kwa kila nyumba. Ukishairudisha, unaweza kumtazama yeyote usoni, na Albadiri isikutishe. Anayesoma anamwombea mabaya aliyekula. Wewe utakuwa hukula.

Nenda nyumbani kwa yule baba jioni, usimngoje aje barazani tena. Nenda na kijana, na mwenyekiti wa mtaa au mzee mnayemheshimu nyote wawili, na karatasi yako na RB. Mwache kijana aeleze kwa mdomo wake: nililipwa nikaamini, nikamwambia mwenzangu, hela ilipita kwangu ikaenda namba hii, hiki ndicho kilichobaki kwangu, kipokee. Wewe kaa pembeni yake, usimsemee. Ni kazi ngumu kwa mtoto wa miaka 17, najua. Ila akiifanya, mtaa utamjua kama mtoto aliyeponzwa akaja kusema, na akijificha Muheza utamjua kama aliyekimbia na hela za wenzake. Zile nyingine zilizokwenda kwa tapeli, usiziahidi kwa woga. Mama akishikwa koo mbele ya wateja huahidi mpaka asichonacho, na ahadi hiyo kesho inakuwa ushahidi kwamba alikula. Muombe yule baba, na wale wazazi wengine wawili, nao waende Chumbageni na watoto wao kuandikisha maelezo. Malalamiko manne juu ya namba moja hayasukumwi pembeni kirahisi kama moja.

Mchezo ni jambo jingine kabisa, maana hiyo 250,000 ilikuwa mikononi mwako na deni ni lako. "Mtandao unasumbua" hauwezi kufika Jumapili. Waite wanawake wenzako Alhamisi, uwaambie yaliyotokea kama ulivyoniambia mimi. Usianze na machozi, anza na hesabu: kilichobaki ni 50,000, kilichochukuliwa ni 250,000. Kama zamu yako mwenyewe bado haijafika, iweke mezani. Mwenye zamu ya Jumapili hii apokee hiyo 50,000 pamoja na chochote utakachoweza kukikusanya, na zamu yako ikifika, 250,000 ya hapo iende kwake moja kwa moja. Kama ulishapokea, ndipo umwombe kaka yako wa Muheza. Mtu aliye tayari kukulelea mtoto hatashindwa kukukopesha kidogo kwa ajili ya jina la familia, na kama kuna hela ya kukopa, hapa ndipo pa kuipeleka. Kuanzia wiki hii pendekeza mwenyewe kwamba mwanamke mwingine ashike fedha na wa tatu aone meseji za kuingia na kutoka. Wasikuondoe wao, jiwekee ulinzi wewe. Wanawake wanaofanya biashara Tanga wanajua mtu anayeibiwa ni yupi na anayeiba ni yupi, wakiambiwa mapema.

Mumeo mpigie leo. Dereva ana wenzake barabarani wanaotoka Tanga, na habari hii ikimfikia kupitia kwao kabla yako, utakuwa na tatizo la pili ndani ya nyumba.

Na kijana? Simu usiitie kwenye ndoo. Kwanza ni ushahidi, na polisi wanaweza kuihitaji. Pili, maji hayamfundishi kitu. Atatumia simu ya mwenzake, na kitu pekee atakachokuwa amejifunza ni kuficha. Hawa watu wanakula aibu, mwanangu. Mtoto aliyepoteza 60,000 akaogopa kusema ndiye aliyechukua 250,000 kuifidia. Angejua kwamba siku ile ya 60,000 anaweza kukuambia na hutamwaibisha, hasara ingeishia pale. Kwa hiyo mkemee, ndiyo, kwa sababu amechukua amana ya watu, na alipe kwa jasho: aamke nawe kwenda Deep Sea, kiasi fulani cha kila jioni kihesabiwe kuwa chake cha kulipia deni mpaka liishe, kiandikwe kwenye daftari mnaloliona wote wawili. Lakini usimsimulie barazani, wala usimwite mwizi mbele ya wadogo zake. Kulia usiku na kukataa kula kusichukuliwe kirahisi. Lala naye karibu siku hizi, na akianza kusema maneno ya kujidhuru, mpeleke hospitali ya Bombo siku hiyo hiyo. Ipo pia Simu kwa Mtoto, namba 116, anaweza kupiga mwenyewe akaongea na mtu asiyemjua.

Mwambie pia kwamba watu wazima na akili zao waliliwa hivi hivi. Mwaka 2009 ilikuwa DECI, watu wakiitwa wapande mbegu wavune. Ikafungwa, viongozi wakafikishwa mahakamani, na wengi mbegu zao zikapotelea huko. Mwanzoni mwa mwaka 2025 ikaanguka LBL, nayo ilikuwa ya kutazama vipande vya video kwenye simu na kupanda madaraja, polisi wakakamata watu mikoani. Walimu walikuwemo, wafanyabiashara walikuwemo. Kujua hivyo hakurudishi hela, ila kunampunguzia mtoto lile wazo kwamba yeye ndiye mjinga peke yake duniani.

Nataka umwangalie kwa makini mpaka mwezi wa saba. Kati ya mtihani wa Novemba na kuripoti kidato cha tano kuna miezi mingi ambayo mtoto hana shule, hana kazi, ana bando na ana hamu ya kumsaidia mama yake. Matapeli wanaijua kalenda hiyo. Yatakuja mengine: mtu anayedai anaweza kubadilisha matokeo kabla hayajatoka, nafasi ya JKT ya kununua, nafasi ya kidato cha tano kwenye shule nzuri kwa "ada ya kuwahi", wakati uchaguzi wa kidato cha tano unatangazwa na TAMISEMI na mwanafunzi halipii jina lake kutokea. Kwenu Tanga kuna na la kwenu: tangazo la kazi kwenye bomba la mafuta Chongoleani, likiwa na nembo nzuri, na chini yake namba ya kutuma 35,000 ya usaili na vipimo. Anayetafuta mfanyakazi hamtozi hela ya kumhoji. Kazi za serikali nazo zinaombwa Sekretarieti ya Ajira, bila kulipia.

Na lipo jingine ambalo wazazi hatulisemi. Msichana mzuri, au anayejifanya msichana, anamzoea mtoto, anaomba picha, akishaipata anaanza kudai fedha la sivyo ataisambaza. Inawapata wavulana sana na wasichana pia, na hao ndio wasiosema kabisa. Mwambie kijana wako sasa, wakati halijampata: likitokea asilipe, maana akilipa mara moja watarudi kesho, asifute, amzuie yule mtu, aje kwako. Na wewe akija, swali la kwanza lisiwe "kwa nini ulituma?" Dawati la Jinsia na Watoto la polisi linapokea mambo hayo, na 116 pia.

Namba ya siri mpya ukishaiweka, usirudi kumpa. Atakusomea meseji, hilo halina ubaya. Nenda ukapime macho upate miwani ya kusomea. Hata hiyo ya bei nafuu itakutosha kuona jina na kiasi kabla ya kubonyeza. Mwombe yeye mwenyewe akufundishe kutuma hela kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mara nyingi mpaka uweze. Atafurahi kuwa na jambo la kukufaa.

Baada ya Jumapili niandikie. Nataka kujua wanawake wamesemaje, na kama Chumbageni wamekupa RB au wamekuzungusha, ili nijue la kukuambia.

Shangazi